Galvanaizi maana yake nini hasa? Mabati ya siku moja: Newala mazima, Msanga Mkuu yameoza

Mwana wa Msanga Mkuu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mwaka 2018 nilinunua mabati ya geji 28 kwenye duka moja pale Mtwara mjini. Mzigo mmoja, siku moja, risiti moja. Nusu nikayapandisha Newala kwenye nyumba ya mama, nusu nikayavusha kwa boti mpaka Msanga Mkuu nilikojenga kwangu, hatua chache tu kutoka majini. Fundi wa kuezeka alikuwa yule yule. Leo ukifika Newala, bati limefifia, limekuwa la kijivu, lakini kutu huioni. Kwangu upande wa baharini umekuwa mwekundu, na chini ya upenu kuna vitundu vinavyopitisha mwanga wa asubuhi.

Nilikwenda dukani na hasira zangu. Mwenye duka akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Na ya mama yako je?" Nikakosa jibu, nikarudi kivukoni.

Kilichonifanya nikae chini nisome ni binti yangu wa kidato cha tatu. Aliona neno kwenye kipande cha bati kilichobaki akaniuliza, "Baba, galvanaizi maana yake nini?" Nikamwambia ni bati lisiloshika kutu. Akainua macho juu, akaniangalia, akanyamaza. Toka siku ile nimelifuatilia neno hili, na nimegundua sisi wanunuzi tunalitamka kila siku pasipo kujua linasema nini. Lingekuwa linaeleweka, wengi wa huku pwani tusingenunua tunavyonunua.

Neno limetokana na jina la mtu. Luigi Galvani, mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili katika chuo cha Bologna, Italia, alizaliwa 1737. Hakuwa mhunzi wala hakuuza mabati. Alikuwa anapasua vyura. Yeye na mkewe, Lucia Galeazzi, waliona kwamba miguu ya chura aliyekwisha kufa, ikitundikwa kwa kulabu ya shaba na kugusishwa kwenye fito za chuma, inarusha teke. Mwaka 1791 akachapisha maelezo yake akisema ndani ya mnyama mna umeme wake mwenyewe. Alessandro Volta wa Pavia akampinga: umeme hautoki kwa chura, unatokana na kukutana kwa metali mbili tofauti penye unyevu, na chura anauonyesha tu. Mwaka 1800 Volta akapanga visahani vya zinki na vya fedha, kimoja juu ya kingine, na katikati vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukatoka bila chura yeyote. Galvani hakuliona hilo, alikwishafariki Desemba 1798. Lakini jina lake likabaki kwenye umeme wa namna hiyo, ule wa metali mbili na majimaji.

Sasa mabati yanaingiaje? Mwaka 1837 Mfaransa mmoja, Stanislas Sorel, alichukua hataza ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyushwa, akaipa kazi hiyo jina la Galvani. Hapa ndipo ninapotaka tujadili. Kwa nini alikwenda kuchukua jina la mtu wa vyura na umeme kwa kazi ya kuchovya chuma kwenye sufuria la moto?

Mwalimu Mstaafu Lindi

Ahsante sana kijana wangu, umenirudisha darasani. Nilifundisha kemia kwa miaka mingi, na swali hilo wanafunzi walikuwa wananiuliza kwa makosa. Walidhani kiwandani bati linaunganishwa na waya za umeme ndipo linaitwa galvanaizi. Siyo. Chuma kinaoshwa kutoa mafuta, kinatiwa kwenye tindikali kutoa kutu na magamba, kinapitishwa kwenye chumvi za kusafishia, kisha kinazamishwa kwenye zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi. Zinki inayeyuka nyuzi 419 na ushee, chuma kinahitaji zaidi ya 1,500, kwa hiyo chuma kinatoka salama. Mle ndani zinki na chuma vinashikana na kufanya matabaka ya mchanganyiko, ndiyo maana haibanduki kama rangi. Mabati ya siku hizi yanapita kwenye zinki yakiwa ukanda mmoja mrefu usiokatika, na hewa kali inapuliza zinki ya ziada.

Tena kuchovya kwenyewe kulijulikana kabla Galvani hajafika shule. Mwaka 1742 Mfaransa Paul-Jacques Malouin aliieleza Akademia ya Sayansi ya Paris jinsi ya kukifunika chuma kwa zinki iliyoyeyuka. Kama jina lingekuwa la kuchovya, wangeliita la Malouin.

Umeme unaosemwa kwenye jina hauko kiwandani. Uko juu ya paa lako. Zinki na chuma vimegusana, zikija chembe za maji yenye chumvi tayari pana betri kama ile ya Volta. Kwenye betri hiyo mmoja lazima aliwe, na anayeliwa ni zinki. Kwa vipimo vyetu vya kemia zinki iko kwenye volti 0.76 chini ya sifuri, na chuma 0.44 chini ya sifuri. Zinki ndiyo mwepesi zaidi wa kutoa elektroni, kwa hiyo inajitoa yenyewe na chuma kinasalimika. Sorel alilijua hilo. Ukikwaruza bati kwa msumari mpaka chuma kikaonekana, ule mkwaruzo haushiki kutu haraka kwa sababu zinki ya pembeni inaliwa kwa niaba yake. Rangi haiwezi kukufanyia hivyo.

Mwambie binti atafute betri ya gunzi iliyokufa, ile ya redio ya babu. Ganda lake la nje ni zinki, kijiti cheusi cha katikati ni kaboni. Betri ikiisha ganda huwa limetoboka na linavuja. Akishaona matundu yale, amwonyeshe baba yake matundu ya chini ya upenu.

Fundi Chikongola

Mwalimu nakuheshimu, ila kwa nini tusiseme tu "bati la kuchovya zinki" tukaeleweka? Mteja akija kwangu na "galvanaizi" anadhani ni jina la ubora, kama vile kusema "orijino". Ukimwambia limechovywa zinki atauliza zinki kiasi gani. Hilo ndilo swali lenye faida.

Mwana wa Msanga Mkuu

Fundi, umegusa ninapoumia. Mimi niliuliza geji tu. Geji 28 nikajua nimepata, maana ni nene kuliko 30 na 32. Hakuna aliyeniambia kwamba geji ni unene wa bati lenyewe, haisemi chochote kuhusu zinki iliyo juu yake. Unaweza kuwa na geji 28 iliyofunikwa kidogo na geji 30 iliyofunikwa vizuri.

Lakini jina nalitetea. "Kuchovya" kunaniambia walichofanya kiwandani. "Galvanaizi" linaniambia kinachoendelea pale juu usiku na mchana: kuna kitu kinaliwa ili kingine kisiliwe. Kinacholiwa kinaisha. Laiti ningelijua hilo 2018, ningeuliza kinaisha lini.

Mkagua Mabomba

Ngoja nijibu hilo la "lini", kwa kuwa kazi yangu ni kutafuta kutu kwenye mabomba na matangi.

Zinki ya bati inapimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Ukikuta Z275 maana yake ni gramu 275. Gawa kwa mbili, kila upande unapata kama mikroni 20. Z100 ni kama mikroni 7 tu kila upande. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo hapa tunazungumzia kitu chembamba kuliko unywele.

Sasa viwango vya kimataifa vimegawa hewa kwa madaraja kulingana na inavyokula zinki. Hewa ya kati, isiyo na chumvi nyingi, inakula mikroni 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka. Hewa kali sana ya ufukweni ni 4.2 hadi 8.4, na penye mawimbi yanayopasuka mbele ya nyumba inaweza kuzidi hapo. Piga hesabu mwenyewe na mikroni 20. Kwenye hewa ya kati unapata takriban miaka 10 hadi 28 kabla zinki haijaisha. Ufukweni unapata miwili na nusu hadi mitano. Bati lile lile, mzee, hata lingekuwa la Z275. Kama lako lilikuwa la Z100, theluthi tu ya hiyo.

Kwa hiyo mwenye duka hakukuibia lazima. Newala iko juu ya uwanda, mbali na bahari, hewa yake ni nyingine kabisa.

Kuna jambo la pili la huku kwetu. Zinki ikipata hewa safi na mvua inajitengenezea ganda la kijivu la kabonati ya zinki, na ganda hilo ndilo linalopunguza kasi ya kuliwa. Ule ufifio wa Newala ni ganda hilo, ni dalili njema. Chumvi ya bahari inalivuruga. Mvua yetu ya kusini ni msimu mmoja, inaanza Novemba mpaka Aprili au Mei. Ikikatika, kusi linapuliza miezi mingi mikavu, chumvi inatua juu ya bati na hakuna wa kuiosha. Chini ya upenu ndiyo kabisa, mvua haifiki hata masika, lakini upepo wenye chumvi unafika. Nenda ukaangalie nyumba yoyote ya Shangani au Mikindani, utakuta kutu imeanzia chini ikapanda juu.

Mwana wa Msanga Mkuu

Nimetoka nje sasa hivi na tochi. Ni kama ulivyosema. Juu ya bati pale pale pana afadhali kuliko chini yake. Miaka yote nilikuwa nalaumu mvua.

Nahodha Kivinje

Salaam kutoka Kilwa. Sisi wavuvi hili la kuliwa kwa niaba tunalijua kwa macho. Mashine ya boti ina kipande cha zinki kimefungwa huku chini karibu na pangaboi. Kila baada ya muda unakikuta kimelika kama muwa uliotafunwa, unabadilisha. Kijana wangu mmoja aliona kimechakaa akakipaka rangi kiwe kizuri. Haukupita muda mrefu, mguu wa mashine ukaanza kuliwa wenyewe, vishimo vishimo. Fundi alituambia rangi imekiziba kile kipande kisifanye kazi yake.

Nilikuwa sijui kama mambo haya yana undugu na bati.

Mwalimu Mstaafu Lindi

Nahodha, ni ndugu wa damu. Mwaka 1824, kabla ya Sorel, Mwingereza Humphry Davy aliombwa aokoe meli za kivita za kwao. Zilikuwa zimevikwa shaba chini, na bahari inaila shaba. Davy akafungia vipande vya zinki na chuma juu ya shaba, na shaba ikaacha kuliwa kama alivyotabiri. Lakini likatokea jambo ambalo hakulitarajia: meli zikaota magamba na mwani zikawa nzito. Shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu kwa viumbe vile. Alipoizuia isiliwe, sumu nayo ikakoma. Nilipenda sana kuwasimulia vijana kisa hicho, kwa sababu kinaonyesha kanuni ilikuwa sahihi kabisa na bado kazi ikashindikana.

Kutokana na shaba hiyo hiyo nawaonya wenye nyumba: waya au bomba la shaba lisilaze juu ya bati la zinki, na maji yaliyopita kwenye shaba yasidondokee bati. Shaba ina nguvu kuliko chuma katika kuila zinki. Hata penseli, fundi. Alama ya penseli ni kaboni, sawa na kile kijiti cha gunzi. Nimeona bati limeshika kutu kwa kufuata mstari wa fundi.

Fundi Chikongola

Hili la penseli ni mara ya kwanza kulisikia na nimeezeka tangu 2004. Kuanzia kesho nachora kwa kalamu ya wino.

Naongeza la kwangu. Wenzangu wachomeleaji, bomba au fremu ya galvanaizi ukiichomelea inatoa moshi mweupe. Ile ni zinki inachemka, inakuwa mvuke kwenye nyuzi 907 na moto wetu unapita hapo mbali sana. Ukiuvuta, jioni unatetemeka, homa, kichwa, mdomoni ladha ya chuma. Nimetibiwa malaria mara mbili kwa ajili hiyo, vipimo vikionyesha sina. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili. Vijana wanaambiwa wanywe maziwa, maziwa hayazuii kitu. Ondoa zinki kwa grainda au msasa kwenye sehemu ya kuunga, fanyia kazi nje, simama upepo uupeleke moshi pembeni. Ukimaliza, paka rangi yenye zinki kwenye kiungo, kwa sababu pale umeshamwondoa mlinzi. Na homa ikija nenda ukapime hata hivyo, malaria ya huku haina utani.

Mama Korosho Tandahimba

Jamani naomba kuuliza, na sijui kama niko nje ya mada. Msimu wa mabibo kuna watu wanakamulia na kulaza uraka, ile pombe ya mabibo, kwenye ndoo za bati na mapipa ya bati. Mwaka juzi kwenye msiba jirani watu walitapika sana, tukasema ni mabibo mabovu. Kwa haya ya zinki kuliwa, inawezekana ndoo?

Mwalimu Mstaafu Lindi

Mama, uko ndani ya mada kuliko sisi sote. Ya msiba ule siwezi kuyahukumu, lakini hatari unayoisema ni ya kweli. Maji ya mabibo yana ukali wa tindikali, na yakichacha ukali unazidi. Tindikali inaiyeyusha zinki moja kwa moja, na anayekunywa anaimeza. Zinki nyingi tumboni inaleta kichefuchefu, kutapika na tumbo la kukata. Ni hivyo hivyo kwa ukwaju, ndimu, embe bichi, siki na tembo la mnazi lililolala. Ndoo ya bati iwe ya maji ya kuogea na ya kujengea. Uraka na vinywaji vyote vya uchachu viwekwe kwenye chombo cha plastiki cha chakula au chungu cha udongo. Tafadhali waambie na wengine huko kabla msimu haujafunguka.

Mama Korosho Tandahimba

Nitawaambia kwenye kikundi chetu cha akina mama Jumamosi. Ahsante sana mwalimu.

Kijana wa Ruangwa

Vipi mabati ya aluzinki? Dukani wanasema ndiyo dawa ya pwani.

Mkagua Mabomba

Ina nafuu kubwa, ila ijue ilivyo. Mfuniko wake kwa uzito ni aluminiamu asilimia 55, zinki 43 na kidogo, silikoni kama 1.6. Aluminiamu inaziba, zinki inalinda. Juu ya uso wa bati inadumu zaidi ya zinki peke yake. Lakini kwenye makali ya kukatia na mikwaruzo haijitoi kama zinki tupu, kwa sababu zinki ni pungufu. Usiikate kwa grainda juu ya paa ukaacha chembe za moto zitue, kila chembe itaacha doa la kutu. Tumia mkasi wa bati. Saruji mbichi inaila aluminiamu, kwa hiyo malizia lipu kwanza ndipo uezeke. Na banda la kuku usiliezeke kwa hiyo, mvuke wa mbolea unaimaliza.

Mleta uzi, kwa nyumba yako ya pale hata aluzinki tupu nisingeishauri. Nunua yenye rangi ya kiwandani juu yake, uliza gramu za mfuniko wa chini ya rangi, na wakuandikie kwenye risiti. Misumari iwe ya galvanaizi yenye mpira. Kisha kila kiangazi mara chache chukua maji baridi ya kisima, siyo ya bahari, umwagie chini ya upenu. Kazi ya nusu saa.

Upande wa mabati yako ambao haujaoza bado unaweza kuuokoa. Osha chumvi, sugua, paka praima (rangi ya kutangulia) inayofaa zinki ndipo rangi. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki: inafanya kama sabuni pale chini, inabanduka magamba magamba.

Nahodha Kivinje

Na stoo? Mabati mapya niliyoyaweka mwezi uliopita yameota unga mweupe katikati ya rundo.

Mkagua Mabomba

Maji yameingia kati ya bati na bati, hewa haipiti, ganda la kijivu haliwezi kutengenezeka. Zinki inaliwa ikiwa stoo. Yatenganishe leo, yasimamishe, yakauke. Kama ni unga tu na chini yake bado panang'aa, hayajaharibika sana.

Mwana wa Msanga Mkuu

Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni, mwalimu hasa. Tulipasua gunzi jana jioni mimi na binti. Ganda lilikuwa na matundu matatu. Akalishika juu kwenye taa akasema, "Kwa hiyo baba, bati letu lilikuwa betri." Ameandika kwenye daftari lake, na jina la Galvani na la mkewe pia.

Leo asubuhi nimevuka, nimekwenda kwa mwenye duka nikamwomba radhi. Amepokea vizuri. Nikamuuliza gramu, akasema tangu afungue duka hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hilo, wote wanauliza geji na bei. Alipiga simu kwa anayemletea mzigo pale pale mbele yangu, na ya rangi yenye mfuniko ninaoutaka itachukua wiki mbili kutoka Dar. Ya mama Newala sigusi.

Nikishaezeka nitaleta picha, na nitapiga kuanzia chini ya upenu.